Kwa Nini Wapo Wanaotetea Adhabu ya Kifo: Mjadala wa Pande Mbili

Adhabu ya kifo ni adhabu ambayo dola, kwa amri ya mahakama, humwondolea uhai mtu aliyetiwa hatiani. Tanzania na Kenya ziliirithi katika sheria za Waingereza, na zote mbili zingali nayo vitabuni. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtaka jaji amhukumu kunyongwa hadi kufa mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia. Mwanamke mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 18 huepushwa. Uhaini nao una adhabu hiyohiyo, na Kenya inaongeza wizi wa mabavu. Hata hivyo, kitanzi hakijatumika Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990, wala Kenya tangu 1987. Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais John Magufuli wa Tanzania alisema hadharani kwamba hatasaini hati ya kumnyonga mtu.

Kwa hiyo hukumu hutolewa na haitekelezwi, na bado wananchi wengi wanataka sheria ibaki kama ilivyo. Ni kosa kuwaona watu hao kuwa wenye kiu ya damu. Hoja zao zina mizizi katika uchungu wa msiba, katika dini na katika mashaka juu ya uwezo wa dola kuwalinda, na zinastahili kusikilizwa kwa ukamilifu wake. Mjadala huu unazipanga moja baada ya nyingine. Mtetezi ni yule anayetaka adhabu ibaki. Mpinzani anataka ifutwe.

Hoja ya kwanza: haki ya aliyeuawa

Hoja kongwe kuliko zote haitazami faida itakayopatikana kesho. Inatazama kosa lenyewe, na kuuliza ni adhabu gani inayolingana nalo.

Mtetezi: Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Viungo vyao viliuzwa kwa sababu waganga waliwaahidi watu utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni alipozungumzia mauaji hayo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiwa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Wauaji wa aina hiyo hawakupandwa na hasira za ghafla. Walipanga, wakakubaliana bei, wakanoa mapanga. Kumpa mtu wa namna hiyo kitanda na mlo wa kila siku ni kutangaza kwamba uhai wa mtoto yule ulikuwa na thamani ndogo kuliko uhai wa aliyemuua.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliijenga hoja hiyo mwaka 1797 kwa kutoa mfano wa watu wa kisiwa wanaoamua kuvunja jumuiya yao na kutawanyika. Hata hao, alisema, wangepaswa kwanza kumnyonga mwuaji wa mwisho aliyebaki gerezani, ili hatia ya damu isibaki juu yao. Kwa Kant adhabu haikuwa chombo cha kuwatishia wengine. Ilikuwa deni linalopaswa kulipwa.

Mpinzani: Uhai wa mtoto yule hauna bei, na hakuna anayesema mwuaji wake aachwe. Lakini sheria haimbaki mbakaji wala haichomi nyumba ya aliyechoma nyumba ya mwenzake. Adhabu hupimwa kwa uzito wa kosa bila kuiga kosa, na kumnyima mtu uhuru hadi siku ya kufa kwake ni adhabu nzito. Tena katika mauaji hayo ya Kanda ya Ziwa, waliofikishwa kizimbani mara nyingi walikuwa wale waliotumwa. Wanunuzi wenye fedha wengi wao hawakuonekana mahakamani.

Mtetezi: Hiyo ni sababu ya kumsaka mnunuzi. Haiwi sababu ya kuupunguzia adhabu mkono ulioshika panga.

Hoja ya pili: hofu

Dawa ya moto ni moto, husema wengi mazungumzo yanapofika kwenye ujambazi na mauaji. Maana yake ni kwamba anayefikiria kuua atajizuia akijua kwamba naye atauawa.

Mtetezi: Kila mtu anaogopa kifo kuliko gereza. Ndiyo maana aliyehukumiwa kunyongwa hukata rufaa akiomba kifungo cha maisha, na ni nadra kutokea wa kuomba kinyume chake. Mwaka 1975 mchumi wa Marekani, Isaac Ehrlich, alichapisha utafiti uliokadiria kwamba kila adhabu moja ya kifo iliyotekelezwa nchini mwake iliweza kuzuia mauaji ya watu wapatao wanane. Ikiwa hesabu hiyo ina ukweli hata kidogo, anayefuta adhabu hii anawaokoa wenye hatia kwa gharama ya wasio na hatia.

Mpinzani: Utafiti huo ulipingwa tangu ulipotoka. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu, likahitimisha kwamba haziwezi kuonyesha kama adhabu ya kifo hupunguza mauaji, huyaongeza au haiyagusi kabisa, na kwamba zisitumiwe kuamulia sera. Cesare Beccaria wa Milano aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Anayevizia usiku haamini kwamba atakamatwa. Kijiji ambacho polisi hufika siku ya tatu baada ya tukio hakiwezi kulindwa na kifungu cha sheria, hata kikiwa kikali namna gani.

Mtetezi: Lakini katika nchi zetu adhabu hii haijajaribiwa kwa takriban miongo mitatu au zaidi. Dawa iliyofungiwa kabatini haiwezi kusemwa kwamba imeshindwa kuponya.

Mpinzani: Tuangalie basi mfano wa Kenya. Sheria yake imeweka kifo kwa wizi wa mabavu hata pale ambapo hakuna aliyekufa. Jambazi anayejua kwamba kuiba na kuua kuna adhabu ileile anaona faida ya kumwondoa shahidi. Ukali usiopimwa unaweza kuongeza damu.

Katika hoja hii ushahidi uliopo haumpi ushindi mtetezi, kwa kuwa yeye ndiye anayedai kwamba adhabu inaokoa maisha. Hata hivyo haufuti jambo moja analolisema kweli, yaani hofu ya mwananchi anayelala bila kujua kama kuna atakayemlinda.

Hoja ya tatu: mwuaji asirudi

Hoja hii husikika sana miongoni mwa watu wanaoishi karibu na ndugu wa mshtakiwa, ambako kurudi kwake kunaogopwa na mashahidi.

Mtetezi: Kifungo cha maisha hakiaminiki. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wengine 2,747. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Shahidi aliyesimama mahakamani akamnyooshea mwuaji kidole anabaki kujiuliza ni lini atakutana naye sokoni.

Mpinzani: Hofu ya shahidi ni ya kweli, na tiba yake ni sheria inayosema wazi kifungo cha maisha ni miaka mingapi, nani anaweza kukipunguza, na kama familia ya marehemu itasikilizwa kabla ya msamaha. Hayo yote yanaweza kuandikwa bila kitanzi.

Mtetezi: Yanaweza kuandikwa pale ambapo magereza yana kuta imara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imesimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo tangu 2003. Machi 2024 serikali ilitangaza kuondoa zuio hilo, ikitaja uhaini ndani ya jeshi, vita vya mashariki na magenge ya mijini. Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka kwa maelfu. Nchi iliyo vitani ikimfunga msaliti, inaweza kuwa inamtunzia adui askari wake.

Mpinzani: Mfano huohuo unaonyesha hatari ya upande wa pili. Mahakama za kijeshi za Kongo zimehukumu watu wengi kifo ndani ya muda mfupi, na katika vita ni rahisi kamanda aliyeshindwa kumtupia lawama askari aliyekimbia. Septemba 2024 watu 37 walihukumiwa kifo kwa jaribio la mapinduzi la mwezi Mei, wakiwamo Wamarekani watatu. Aprili 2025 Wamarekani hao walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, kisha wakarejeshwa kwao. Adhabu inayotegemea uraia wa mtu haiwezi kuitwa haki.

Hoja ya nne: wafiwa na hasira za umma

Dola ilipojitwalia kazi ya kuadhibu, ilimwomba mfiwa ateremshe panga lake. Mtetezi anaona kwamba ombi hilo lilikuwa na sharti.

Mtetezi: Mfiwa alikubali kuacha kisasi kwa sababu aliahidiwa kwamba sheria itamtendea haki. Ahadi hiyo ikivunjwa, watu watarudi kujichukulia sheria mkononi. Magazeti yetu yamejaa habari za watuhumiwa waliouawa na wananchi wenye hasira kali, kwa mawe, tairi na petroli. Bora kitanzi cha mahakama, chenye jaji, wakili na rufaa, kuliko moto wa barabarani.

Mpinzani: Anayechomwa barabarani mara nyingi ni mtuhumiwa wa wizi wa simu, pikipiki au kuku, makosa ambayo hayana adhabu ya kifo hata kidogo. Umati humchoma kwa kuwa hauamini kwamba polisi watamfikisha mahakamani, au unaamini kwamba atatoka kesho. Kifungu cha 197 kimekuwa kitabuni miaka yote, na mauaji ya umati hayakukoma. Kinachokosekana ni imani katika upelelezi na mahakama, na imani hiyo hailetwi na mnyongaji.

Mtetezi: Na mfiwa je? Nani anamkumbuka?

Swali hilo linawagusa wote wawili. Katika kesi ya mauaji, mashtaka hufunguliwa kwa jina la Jamhuri, na mjane au mzazi wa marehemu mara nyingi huitwa kama shahidi tu. Shauri linaweza kuchukua miaka. Hukumu ikisomwa, ni nadra kuwapo ofisi inayouliza nani atawalipia watoto ada. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi moja ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa fidia ya mifugo kufuata mila na dini yao. Wanasheria wengi waliipinga hatua hiyo, wakisema mauaji ni kosa dhidi ya jamii nzima. Lakini ilionyesha kwamba wapo wafiwa wanaotaka kutambuliwa na kufidiwa kuliko kuona mtu mwingine akifa.

Hoja ya tano: dini

Mtetezi: Uislamu umeweka kisasi kwa mauaji ya kukusudia na kufundisha kwamba ndani yake umo uhai, kwa maana kwamba anayejua atalipwa hivyo hujizuia. Torati nayo inaagiza kwamba anayemwaga damu ya mtu damu yake imwagwe, na Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mtawala habebi upanga bure. Muumini anayeitetea adhabu hii hakuibuni, amefundishwa.

Mpinzani: Fundisho hilo la Kiislamu lina mlango ambao sheria zetu hazina. Familia ya marehemu inaweza kudai kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe kabisa, na kusamehe kunasifiwa. Kifungu cha 197 hakimpi mfiwa neno lolote. Kwa upande wa Wakristo, Kanisa Katoliki, lililoikubali adhabu hii kwa karne nyingi, lilibadilisha Katekisimu yake mwaka 2018 chini ya Papa Fransisko na kusema haikubaliki.

Mtetezi: Msamaha una uzito pale tu ambapo haki ya kudai ipo. Adhabu ikifutwa, mfiwa hatakuwa na cha kusamehe.

Katika nchi zenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi chini ya sheria moja ya jinai, hoja ya dini inaeleza vizuri kwa nini mtu mmoja mmoja anaamini anavyoamini. Peke yake haiwezi kuamua sheria ya wote, kwa kuwa waumini wa dini moja wenyewe hawakubaliani.

Hoja ya sita: makosa ya mahakama na mkono wa dola

Hapa mpinzani ndiye anayeanza, kwa maana ndipo penye hoja yake nzito zaidi.

Mpinzani: Majaji ni binadamu. Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950 kwa mauaji ya mtoto wake. Miaka mitatu baadaye iligundulika kwamba jirani aliyeishi naye nyumba moja, John Christie, alikuwa mwuaji wa wanawake kadhaa. Evans alisamehewa mwaka 1966, akiwa kaburini. Nchini Marekani, tangu 1973, watu wapatao 200 waliohukumiwa kifo wamefutiwa hatia. Kwetu, mshtakiwa maskini hutetewa na wakili wa kupangiwa, ambaye mara nyingine humwona kwa mara ya kwanza siku ya kesi. Tena kitanzi kimekuwa silaha ya watawala. Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani Desemba 1889, na Februari 1906 waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni huko Songea wakati wa Vita vya Majimaji. Waingereza waliwanyonga Wakenya zaidi ya 1,000 wakati wa Mau Mau, na Dedan Kimathi akiwa mmojawao, Februari 1957. Hao wote waliitwa wahalifu, na leo ni mashujaa.

Mtetezi: Mkoloni alitumia pia magereza, kodi na kazi za shuruti, na hatukuvifuta vyote kwa sababu hiyo. Tatizo lilikuwa mahakama yake isiyo ya haki. Makosa hupunguzwa kwa kuinua kiwango cha ushahidi, kwa vipimo vya vinasaba na kwa rufaa ya lazima. Mtu asiye na hatia akifia gerezani baada ya miaka 40, naye hakurudishiwa chochote.

Mpinzani: Aliye hai anaweza kutolewa mwaka wa 5, wa 10 au wa 20. Aliyenyongwa hawezi kutolewa hata siku moja.

Mtetezi anaweza kulipunguza tatizo hili, lakini hawezi kulimaliza, na watetezi wengi waaminifu hukubali hivyo. Wao huamua kwamba hatari ndogo inavumilika kwa ajili ya haki kubwa. Mpinzani anashikilia kwamba uvumilivu huo ni rahisi kwa mtu ambaye hatarajii kuwa yeye ndiye atakayekosewa: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hoja ya saba: nani aamue

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania aliamua, katika kesi ya Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba kwa kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha utu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kweli ni ya kikatili, lakini ikaona kwamba ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kama njia halali ya kulinda jamii, na kwamba ni juu ya jamii yenyewe kuamua kama bado inaihitaji. Mwaka huohuo wa 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Makwanyane, iliitazama hukumu hiyo ya Tanzania na kufuata njia nyingine. Ilisema haki za binadamu haziwezi kutegemea maoni ya wengi, kwa kuwa wanaozihitaji zaidi ni wale wasiopendwa na wengi.

Mtetezi: Katika demokrasia sheria ni ya wananchi. Wakitaka ibaki, majaji na wafadhili wa nje hawana mamlaka ya kuwaondolea.

Mpinzani: Rwanda ilikuwa na kila sababu ya kubaki nayo baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22. Mwaka 2007 ikaifuta. Burundi ilifuata mwaka 2009, kisha, kwa makosa ya kawaida, Zambia 2022 na Zimbabwe 2024. Viongozi wanaweza kuwatangulia wananchi, na nchi isibomoke.

Mtetezi: Rwanda ilihitaji kuletewa washukiwa wa mauaji hayo kutoka mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha na kutoka Ulaya, ambako wasingetolewa kama wangekabiliwa na kifo.

Mpinzani: Hilo ni kweli, na linathibitisha kwamba kufuta adhabu kulisaidia haki kutendeka nyumbani.

Pale pande mbili zinapokutana

Kuna jambo moja ambalo mtetezi mwenye busara na mpinzani wanaweza kukubaliana leo: kifo kisiwe adhabu ya lazima. Mwanamke aliyemuua mume baada ya kupigwa miaka mingi na muuzaji wa viungo vya watoto hawastahili hukumu ileile bila jaji kuruhusiwa kutazama tofauti yao. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua hivyo mwaka 2009 katika kesi ya Kigula, na kuongeza kwamba anayesubiri zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho abadilishiwe kuwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua vivyo hivyo kuhusu mauaji, Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliitaka Tanzania iondoe ulazima huo. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ilipendekeza kifo kisibaki adhabu pekee ya mauaji ya kukusudia.

Hatua hiyo haitoshi kuumaliza mjadala. Hali ya sasa, ya kuhukumu bila kutekeleza, haimridhishi mtetezi, ambaye anaona sheria ikidharauliwa. Haimridhishi mpinzani pia, kwa kuwa mfungwa huishi miaka mingi akisubiri hatua za mnyongaji. Makosa ya mahakama yasiyorekebishika yanatosha kuonyesha kwamba adhabu hii haipaswi kuwa mikononi mwa binadamu. Lakini anayetaka ifutwe ana deni kwa wale wanaoitetea. Anapaswa kuwaonyesha upelelezi unaowakamata wauaji na waliowatuma, kifungo cha maisha chenye maana inayojulikana, ulinzi wa mashahidi, na mfuko wa kuwatunza mayatima wa waliouawa. Mambo hayo ndiyo yanayotafutwa na watetezi wengi wanapodai kitanzi, na hadi yapatikane, madai yao yataendelea kuwa na nguvu.